UZI: Nathan Stubblefield, mkulima wa Kentucky aliyesafirisha sauti bila waya mwaka 1902. Ilikuwa redio au la? (Na namna ya kulijaribu jambo hili mezani)

MwlFizikia (mwanzisha uzi):

Wakuu, jina la Nathan Stubblefield linazunguka sana mitandaoni, na karibu kila mara linakuja na moja ya hadithi mbili. Ya kwanza inasema ndiye aliyevumbua redio kabla ya Marconi, akaibiwa. Ya pili inasema alikuwa mshamba aliyedanganya watu. Zote mbili zinamwonea. Sauti ilifika kweli, watu waliisikia, ila haikusafiri kwa mawimbi ya redio. Nimefungua uzi huu tuichambue kazi yake kifaa kwa kifaa.

Alizaliwa mwaka 1860 Murray, Kentucky, Marekani. Alikuwa mkulima wa matunda na mboga, na umeme alijifunza kwa kusoma. Biashara yake ya kwanza haikuwa na umeme hata kidogo. Mwaka 1888 yeye na Samuel Holcomb walipata hataza namba 378,183 ya simu ya mtetemo, yaani waya uliokazwa kati ya nyumba mbili na kiwambo kila upande, sauti ikipita kama mtetemo wa waya wenyewe. Waliziuza na kuzifunga pale mjini mpaka simu za Bell zilipofika zikaliua soko.

Mwaka 1898 akapata hataza ya pili, namba 600,457, ya betri ya ardhini. Hii ndiyo watu wa "umeme wa bure" wanaipenda, tutaifikia.

Tarehe 1 Januari 1902 alifanya onyesho la hadharani pale Murray. Wenye visikizi walisimama sehemu mbalimbali za mji wakasikia maneno na muziki bila waya wowote kati yao na chombo kilichotuma. Mwezi huohuo mwandishi wa St. Louis Post-Dispatch alikwenda shambani kwake, akachomeka ardhini fimbo mbili za chuma zilizounganishwa na kisikizi cha simu, akasikia. Machi 20 akaonyesha Washington, kutoka kwenye meli ya mvuke Bartholdi katika Mto Potomac, waya zikiburutwa majini, wasikilizaji wakiwa ufukweni. Mei akaonyesha Philadelphia. Juni akajaribu New York, na huko mambo yakakwama.

Angalieni mpangilio huo: fimbo ardhini, waya majini. Jibu la swali la kichwa cha uzi limo humo.

---

Nondo ya Athi:

Mkuu umeanza vizuri. Niongezee kuhusu njia ya ardhi, maana ndiyo aliyoitumia katika maonyesho yote ya 1902.

Upande wa kutuma kuna betri, kipaza sauti cha kaboni na nondo mbili ardhini zilizotengana. Ukisema, chembe za kaboni zinabanwa na kulegea, ukinzani unapanda na kushuka, na mkondo unaotoka nondo moja kwenda nyingine unafuata sauti yako. Mkondo huo haupiti mstari mmoja ulionyooka. Unatawanyika kwenye udongo pande zote, na sehemu yake ndogo inapita hata mbali. Msikilizaji akichomeka nondo zake mbili, anakuta tofauti ndogo ya volti kati yake, na kisikizi kinaigeuza kuwa sauti.

Tatizo ni jinsi nguvu inavyokufa. Volti unayopokea inalingana na ukinzani wa udongo, mkondo unaotuma, na umbali kati ya nondo zako na kati ya nondo za mwenzako. Halafu inagawanywa kwa umbali kati yenu uliozidishwa wenyewe mara tatu. Ongeza umbali mara mbili, volti inabaki moja ya nane.

Mfano wa namba: udongo wa ohm-mita 100, mkondo wa ampea 0.1, nondo zikiachana mita 30 kila upande, jozi zote zikiwa kwenye mstari mmoja. Kwenye mita 100 unapata karibu milivolti 2.9. Kwenye mita 200 unapata 0.36. Ukizigeuza jozi ziwe sambamba, zikitazamana ubavu kwa ubavu, unapata nusu ya hapo. Mbele zaidi hali inaharibika kuliko hesabu hii, kwa sababu udongo wenyewe unaanza kumeza sauti za juu.

Sasa mtaelewa New York. Huko alijaribia Battery Park, iliyoko kusini kabisa mwa Manhattan; chini ni mwamba, na mji ulishajaa umeme. Nondo kwenye mwamba haipitishi mkondo wa maana, na kisikizi kinachotafuta sehemu ya milivolti kinakutana na mikondo ya mji inayotangatanga ardhini. Shamba la Kentucky lenye udongo mnyevu na kimya cha umeme lilikuwa mahali bora. Yeye mwenyewe hakubadilika kati ya Machi na Juni. Ardhi ndiyo iliyobadilika.

---

BintiSaketi:

Hapo kwenye kipaza sauti cha kaboni pana jambo kubwa. Mwaka 1902 hakukuwa na ampu (kikuza sauti) ya aina yoyote. Audion ya Lee de Forest, vali ya kwanza iliyoweza kukuza sauti, ilikuja 1906, na ilichukua miaka mingine kabla haijatumika kukuza sauti. Kwa hiyo nguvu yote iliyoingia ardhini ilipita kwanza kwenye chembe za kaboni. Ukizidisha mkondo zinapata joto, zinagandana, na kipaza kinaanza kukoroma au kinakufa kabisa. Dari ya nguvu yake ilikuwa hapo. Hakuwa na namna ya kupata kilomita nyingi kwa kuongeza betri.

Kuhusu kutangulia, naomba tusimpe asichostahili. Bell na Tainter walisafirisha maneno kwa mwanga wa jua mwaka 1880, umbali wa mita mia mbili na ushei. Uingereza, watu wa posta chini ya William Preece walikuwa wakifanya induksheni (sumaku ya waya mmoja kuamsha mkondo kwenye waya mwingine bila kugusana) na mkondo wa ardhi tangu kabla yake, na mwaka 1899 kulikuwa na simu isiyo na waya kati ya mnara wa taa wa Skerries na pwani ya Anglesey, zaidi ya kilomita 4, ncha za waya zikiwa baharini pande zote mbili. Na kwa mawimbi halisi ya redio, Reginald Fessenden alisema maneno yakasikika umbali wa kilomita 1.6 hivi pale Cobb Island, Maryland, tarehe 23 Desemba 1900.

---

Mzizima_Redio:

@BintiSaketi lakini upo ushahidi kwamba Stubblefield alifanya mwaka 1892, miaka minane kabla ya Fessenden. Rainey T. Wells wa Murray alieleza kwamba alipewa kisikizi, akatembea nacho, akasikia sauti ya Stubblefield. Kwa nini usihesabiwe?

---

BintiSaketi:

Ushahidi huo ulitolewa miaka mingi baadaye, mhusika akiwa mtu mzima. Sisemi Wells alisema uongo. Ila hata tukiukubali neno kwa neno, hauthibitishi redio, kwa sababu vyombo vya ardhi au vya koili vingempa Wells kitu kilekile masikioni. Ukitaka kujua kama ni redio, acha mwaka, uliza masafa. Je, kulikuwa na mkondo wa kasi kubwa uliobebeshwa sauti? Katika hataza zake zote haumo.

---

MwlFizikia:

Hiyo ndiyo hoja, na inahesabika. Sauti ya binadamu ina nguvu zaidi kati ya hezi 300 na 3000. Kwa hezi 1000 urefu wa wimbi ni kilomita 300. Uga, yaani eneo la nguvu ya umeme na sumaku linalozunguka chombo, unaanza kuachana nacho na kwenda zake kama wimbi ukishafika karibu sehemu moja ya sita ya urefu huo, yaani kama kilomita 48. Ndani ya hapo ni uga wa karibu, umefungwa kwenye koili au nondo zake, ndiyo maana unakufa kwa kipeo cha tatu. Na antena ya robo wimbi kwa hezi 1000 ingehitaji mnara wa kilomita 75. Hakuna aliyeujenga wala atakayeujenga.

Fessenden aliliona hilo mapema, akahangaika kupata mkondo wenye masafa ya juu unaoendelea bila kukatika. Mwaka 1906 pale Brant Rock, Massachusetts, alikuwa na alteneta (jenereta ya mkondo geu) ya kilohezi 50 hivi. Urefu wa wimbi ukashuka hadi kilomita 6, na mnara unaojengeka ukatosha kurusha.

Stubblefield alikwenda njia nyingine. Baada ya New York aliachana na ile Wireless Telephone Company of America iliyokuwa ikiuza hisa kwa jina lake, akiwalalamikia waziwazi wakubwa wake kwamba hawaendeshi mambo kwa uaminifu. Akarudi Murray, akaacha ardhi, akaanza koili. Mei 12, 1908 akapata hataza namba 887,357, "Simu Isiyo na Waya". Humo ameweka koili kubwa ya duara upande wa kutuma, na koili ndogo kwenye gari la farasi, treni au meli inayopita karibu na waya ulionyoshwa kando ya njia. Simu ya chombo kinachotembea, mwaka 1908! Watu waliomwita baba wa simu ya mkononi wameitoa hapo. Ni induksheni tupu, lakini wazo la kuongea na abiria akiwa safarini lilikuwa zuri, na heshima yake apewe.

---

Koili500:

Kwa wanaotaka kuisikia hiyo hataza ya 1908 wenyewe, hapa kuna vipimo vinavyofanya kazi kwa vitu vya dukani. Nimebadilisha kaboni na betri kwa ampu, fizikia ni ileile.

Koili ya kutuma: mizunguko 20, kipenyo mita 1. Unahitaji waya mita 63, nyaya za kawaida za mm² 0.5 zinatosha, ongeza mita 2 za kuunganishia. Ukinzani wake ni ohm 2.2 hivi, na induktansi karibu milihenri 1. Usiifunge moja kwa moja kwenye ampu ya ohm 8, maana kwa sauti za chini itaona ohm 2 tu na itazima au kuungua. Weka rezista ya ohm 3.9, wati 10, mfululizo na koili. Kwa hezi 1000 jumla inakuwa karibu ohm 9, na ampu ya wati 10 inakupa ampea 1. Rezista itapata joto, isiguse plastiki.

Koili ya kupokea: mizunguko 500, kipenyo sentimita 20, waya wa kuvingirishia mota wa milimita 0.2. Ni mita 314, uzito kama gramu 90, ukinzani kama ohm 170. Vingirisha juu ya kifuniko cha ndoo au fremu ya mbao, isiwe fremu ya chuma. Pete ya chuma iliyofungika inakuwa koili fupi inayokula uga wako.

Ampu ya kupokelea: LM386 (chipu ndogo ya ampu yenye pini 8) na betri ya volti 9. Pini 6 chanya, pini 4 na pini 2 hasi. Koili iingie pini 3 kupitia kapasita ya nanofaradi 10, ncha yake ya pili hasi. Kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya pini 1 na 8, upande chanya ukiwa pini 1, ikupe ukuzaji wa mara 200. Nyingine ya mikrofaradi 10 kutoka pini 7 kwenda hasi. Pini 5 itoke kwa mikrofaradi 220 kwenda hedifoni. Kutoka pini 5 hiyohiyo weka rezista ya ohm 10 na kapasita ya nanofaradi 47 mfululizo hadi hasi. Nanofaradi 100 iwe karibu kabisa na pini 6 na 4, ukiisahau hii itapiga mluzi.

Kwa mpangilio huu, koili zikitazamana uso kwa uso, hezi 1000 kwa ampea 1 inakupa milivolti 2.5 kwenye mita 5, milivolti 0.31 kwenye mita 10, na 0.04 tu kwenye mita 20. Pima mwenyewe uone ile moja ya nane ikijitokeza.

---

Mzizima_Redio:

Ile nanofaradi 10 ya kuingilia mbona ndogo sana? Saketi nyingi za LM386 zinaweka mikrofaradi nzima.

---

Koili500:

Ni ndogo kwa makusudi. Ndani ya LM386 pini 3 ina kilo-ohm 50. Nanofaradi 10 na kilo-ohm 50 zinakata chini ya hezi 318, kwa hiyo mvumo wa umeme wa nyumbani wa hezi 50 unapunguzwa mara sita hivi, na maneno yanabaki. Bila hivyo hausikii kitu mjini. Uga wa nanotesla 50 kutoka nyaya za ukutani, ambao ni wa kawaida kabisa, unaiingizia koili hii milivolti 0.25, karibu sawa na sauti yako kwenye mita 10.

Ikiwa bado kuna mvumo, zungusha koili ya kupokea taratibu. Kuna upande ambao mvumo unakaribia kupotea, kwa sababu koili imelala sambamba na uga wa nyaya. Kisha sogeza koili ya kutuma iendane na upande huo. Adapta ya simu na taa za LED zizimwe, hizo zinatoa mzomeo ambao kapasita haiuondoi.

Kosa lingine ni kuweka koili moja imelala na nyingine imesimama, zote kwenye usawa mmoja. Uga unapita kando ya koili badala ya kuikata, unapata kimya, unadhani saketi imekufa.

---

Nondo ya Athi:

Wanaotaka kujaribu njia ya ardhi, hatua ni hizi. Nondo mbili za milimita 16, zizame mita 1, zikitengana mita 10 hadi 30. Kwenye udongo wa ohm-mita 100 kila nondo ina ukinzani wa ohm 80 hivi, kwa hiyo jozi ni ohm 160 na zaidi. Ampu ya ohm 8 haisukumi mkondo wa maana hapo. Weka transfoma ya sauti inayopandisha volti mara mbili, volti 17 zitakupa ampea 0.1. Transfoma pia inatenganisha ampu na ardhi, jambo ambalo ni la lazima.

Mwagia maji kuzunguka nondo, na ukinzani utashuka. Chumvi inashusha zaidi, lakini inaoza nondo na kuharibu shamba, achana nayo.

Mambo matatu ya usalama. Usiunge kitu chochote cha jaribio hili na umeme wa ukutani. Usitumie nondo ya athi ya nyumba wala kukaa karibu na nondo ya athi ya transfoma ya mtaa, humo mkondo wa hitilafu unaweza kupita wakati wowote. Na mawingu ya radi yakionekana, ng'oa nyaya uondoke, maana radi ikipiga karibu, kati ya nondo zako zinaweza kutokea maelfu ya volti.

---

SautiHewani:

Wakuu, na ile betri ya ardhini? Kuna video zinaonyesha watu wanawasha taa kwa nondo ya chuma na shaba, wanasema ni siri ya Stubblefield iliyofichwa.

---

BintiSaketi:

Haikufichwa, imechapishwa tangu tarehe 8 Machi 1898 na yeyote anaweza kuisoma. Ni boliti ya chuma laini iliyovingirishwa nyaya mbili sambamba, moja ya chuma isiyo na kitu, nyingine ya shaba iliyofunikwa pamba, na kitambaa kati ya tabaka na tabaka. Inazikwa kwenye udongo mnyevu au inazamishwa majini. Chuma na shaba kwenye unyevu ni seli ya kemia, na kwa kuwa nyaya ni koili, mkondo wake unaisumakisha ile boliti. Juu yake unaweza kuvingirisha koili ya pili. Ni ubunifu mzuri wa kuunganisha betri na koili ya induksheni katika kitu kimoja.

Lakini nishati inatoka kwenye chuma kinacholiwa na kutu. Chuma kikiisha, betri imeisha. Volti ya seli haifiki 1 hata ikiwa mpya, na ukiipa mzigo inashuka haraka.

Wanaojaribu hukosea zaidi hapa: wanazika seli kumi kwenye tuta moja, wanaziunga mfululizo wakitarajia volti mara kumi. Hawazipati, kwa sababu udongo mmoja unaziunganisha zote chini kwa chini na kuzifupisha. Kila seli inatakiwa iwe kwenye chombo chake kisichopitisha umeme, kopo la plastiki lenye udongo wake. Na taa za LED kwenye video zinahitaji volti 2 au 3, kwa hiyo kuna seli nyingi za makopo au saketi ndogo ya kupandisha volti ambayo kamera haikuionyesha.

---

MwlFizikia:

Nimalizie maisha yake, kwa kuwa uzi ulianza nayo. Hataza ya 1908 haikumpa fedha. Majirani waliochangia gharama hawakurudishiwa kitu. Ndoa ikavunjika, shamba likaenda, akaishi peke yake kwenye kibanda nje ya Murray akiendelea kujaribu vyombo. Alikutwa amekufa Machi 1928, umri wa miaka 67, na sababu iliyoelezwa ni njaa. Mwaka 1930 mji ukamjengea mnara wa kumbukumbu. Redio ya mji iliyofunguliwa 1948 ikapewa herufi WNBS kutokana na jina lake.

Archie Frederick Collins, mvumbuzi mwingine aliyekuwa karibu na kampuni ile ya 1902, aliendelea na simu zake zisizo na waya, na mwaka 1913 mahakama ya Marekani ikamtia hatiani kwa ulaghai wa kuuza hisa kwa posta. Kwa hiyo Stubblefield hakuwa na hofu za bure alipojitoa.

---

Mzizima_Redio:

Swali la mwisho. Je, njia zake zilikufa kabisa?

---

Nondo ya Athi:

Ya ardhi ilirudi katika Vita Kuu ya Kwanza. Simu za mahandaki zilitumia waya mmoja na ardhi, adui akichomeka nondo upande wake na kuweka ampu ya vali anasikia maongezi yote. Waingereza wakalazimika kuleta Fullerphone, chombo cha telegrafu chenye mkondo mdogo sana usionaswa kwa namna hiyo. Vali ndiyo iliyokuwa imekosekana Murray.

---

Koili500:

Na ya koili ipo hadi leo. Vifaa vya kusaidia kusikia vyenye alama ya T vina koili ndogo ndani, na kumbi, makanisa na kaunta za benki huzungushiwa waya unaosukumwa na ampu. Sauti inaingia moja kwa moja kwenye kifaa bila kelele za ukumbi. Mwenye kifaa hicho akikaa ndani ya koili ya mita 1 niliyoieleza juu, na kifaa kikiwekwa kwenye T, atasikia. Kwa matumizi hayo shusha ampu hadi chini kabisa kwanza, kisha panda taratibu, kwa sababu ndani ya koili uga ni mkubwa mara nyingi kuliko kwenye mita 5.